Mjomba, Kipimo cha Ndege

Mjomba wangu ni fundi wa viti na hajui kulalamika. Nasema hivyo si kwa kumsifu. Watu wengine kutolalamika kwao ni subira, lakini kwake ni kama ugonjwa. Mkikaa naye kwenye kochi mkambana mpaka nusu ya makalio yake ikabaki hewani, atawaambia yuko sawa kabisa, nafasi tele. Kinyozi akimkwaruza sikio, atamshukuru na kumuulizia hali ya watoto. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, husema alipozaliwa hakulia, alitazama tu huku na huku kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia bila hodi. Mama anatia chumvi, ila si nyingi. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kusema kama ndege inabana au haibani.

Karakana tuliyofanyia kazi, mimi na yeye, ilitengeneza ndege zisizo na injini. Najua unachotaka kuuliza, kila mtu huuliza. Ndege ya namna hii huvutwa juu kwa kamba na ndege nyingine yenye injini. Ikifika juu, kamba inaachiwa, na tangu hapo rubani amebaki na hewa tu. Anatafuta mahali ambapo hewa ya moto inapanda kutoka ardhini, anazunguka humo mpaka apande nayo, kisha anaelekea mbele huku akiteremka polepole, akitafuta nyingine. Kwenye mashindano marubani hupangiwa njia ya kuzunguka, na anayerudi kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hakuna mafuta, hakuna kelele, na ukishindwa huna injini ya kuisingizia.

Mimi nilichanganya gundi. Tulilowesha vitambaa vya nyuzi za kaboni kwa gundi hiyo na kuvitandaza ndani ya kalibu, na vikikauka unatoa bawa gumu ambalo mtu anaweza kulinyanyua upande mmoja huku akipiga soga. Bawa likitoka, alilichukua Mama Msasa. Huyu alikuwa mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga makasia, na kazi yake ilikuwa kulisugua kwa ubao mrefu wenye msasa, kwenda na kurudi, mpaka pasibaki hata kijivimbe. Mdomo wake nao ulikuwa msasa, usiombe ukupitie.

Juu yetu wote alikuwepo mhandisi, mchoraji wa ndege zenyewe. Tulimwita Bwana Milimita, kwanza kwa siri, kisha akajua, akafurahi, ikabidi tumwite hadharani, na utamu wote ukaisha. Mwaka ule alikuwa na ndoto moja tu: kutengeneza ndege ya mashindano yenye kiwiliwili chembamba kuliko zote. Hewa, alituambia, ni mgeni mwenye nongwa. Ukiipa tumbo kubwa la kupita pembeni yake, inalishika na kulivuta nyuma. Kwa hiyo tumbo la ndege lilipaswa kuwa dogo kiasi cha kumtosha rubani na pumzi zake, basi.

Rubani mwenyewe tulimwita Bingwa, kwa sababu alikuwa bingwa na hakutaka tusahau. Alikuja mwanzoni, akapimwa mabega, kiuno na urefu wa mapaja, kisha akaenda zake kuruka kwenye nchi zenye jua. Milimita akabaki na vipimo bila mwili. Akapita karakana nzima na futi yake akitupima mmoja mmoja, hata mlinzi wa geti, mpaka akafika kwa Mjomba, aliyekuwa amejiinamia kwenye cherehani akishona mito ya viti. Akampima, akarudia, akapiga kelele kama aliyeokota dhahabu. Mjomba na Bingwa walilingana kila mahali, kama mashati mawili ya fundi mmoja.

Hapo ndipo maisha ya Mjomba yalipobadilika. Kwenye kona yenye dirisha, Milimita alijenga mfano wa mbao wa chumba cha rubani. Kwenye ndege hizi rubani hakai, analala chali karibu kabisa, miguu mbele, na mgongoni amevaa parachuti. Mama Msasa aliuita mfano ule jeneza. Mbavu zake zilikazwa kwa skurubu, na kila asubuhi Mjomba alivua viatu, akavaa mkoba mgongoni uliokuwa badala ya parachuti, mkoba alioujaza pamba na kuushona yeye mwenyewe, akalala humo. Milimita alikaza skurubu kidogo, akapiga magoti pembeni, akaanza.

"Mabega vipi, Fundi?"

"Safi."

"Kiunoni?"

"Raha mustarehe, bwana mhandisi."

"Na mgongo? Unajisikiaje mgongoni?"

"Sawa kabisa."

Siku moja tukiwa tunakunywa chai nikamtania. Nikamwambia, mjomba, wenzako wanafanya kazi wamesimama, wewe umepata ya kulala. Hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi, akasema, "Mpwa, tangu nizaliwe, nani amewahi kupiga magoti akaniuliza kiuno changu kinajisikiaje?"

Nilicheka mimi, tena sana, mpaka gundi ikanigandia ndooni. Ningekuwa na akili ningenyamaza, kwa maana alikuwa anasema kweli tupu. Nyumbani kwake palikuwa pema, watoto watano na mke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, lakini katika nyumba ile kelele zilimpita Mjomba juu kama ndege. Asiyelalamika haulizwi. Hapo karakanani sasa, mtu msomi mwenye kalamu sikioni alisubiri jibu lake kabla ya kugusa skurubu.

Kisha Milimita akasema neno moja, kwa nia njema kabisa, huku akifuta miwani: "Siku ukiniambia hapakutoshi, Fundi, nitatafuta mwingine wa kulala humu." Alikuwa anatania, akili yake yote iko kwenye kupata kipimo kilicho kidogo zaidi. Mjomba alisikia hukumu. Tangu siku hiyo akakata shauri kwamba liwalo na liwe, jeneza lile litamtosha.

Kwanza lilimbana mgongoni. Fundi wa viti kitu kikimbana hawazi mara mbili, anapunguza pamba. Wakati sisi tumetoka kula, alifumua mshono wa ule mkoba wa parachuti, akatoa fumba moja la pamba, akashona tena vizuri. Akalala. Safi. Milimita akaona kuna nafasi, akakaza skurubu. Mjomba akatoa fumba jingine. Mchezo ukaendelea hivyo mpaka mkoba ukawa bapa kama bahasha, na pamba ya kutoa haikuwepo tena. Hapo akaanza kujipunguza yeye.

Sijawahi kuona mtu akijinyima kwa ufundi kama ule. Nyumbani alisema, "Nimekula kazini." Kazini alisema, "Leo nimekula nyumbani, tena nimeshiba." Alikuwa akifa na tai shingoni, na sisi tuliokuwa naye kutwa nzima hatukuona kitu. Mtu akipungua kidogo kidogo mbele yako, macho yanapungua naye. Milimita ndiyo kwanza alizidi kufurahi. Kila alipokaza, Mjomba alipungua, na kila Mjomba alipopungua, Milimita aliona pengo na kukaza tena. Walifukuzana hivyo miezi na miezi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeongoza. Hesabu za ndege zilizidi kupendeza. Kuna siku nilimkuta Milimita anacheza peke yake mbele ya michoro, tena vibaya.

Mkaza mjomba ndiye aliyeshtuka. Ilikuwa suruali. Siku ya kufua aligundua kwamba suruali zote za mumewe zimepunguzwa kiunoni, kwa uzi mnene na mshono wa makochi. Mwanamume anayejipunguzia suruali kwa siri, alijiambia, ana mtu anayemvalia. Na kama hali nyumbani, basi kuna anakokula. Akafunga safari hadi karakanani, akanivuta nyuma ya mapipa ya gundi.

"Mpwa, usinifiche. Huyo mwanamke anapika nini?"

"Mwanamke yupi?"

"Huyo wa huku kazini! Mimi nataka kujua tu anapika nini, nami nipike."

Nikamwambia mwanamke wa huku ni Mama Msasa, na yeye hata maji ya chai huyaunguza. Aliondoka bila kuridhika. Na mimi, badala ya kujiuliza Mjomba anakula wapi, nilirudi kwenye ndoo yangu nikicheka. Haya mambo ukiyakumbuka baadaye unaona jinsi ulivyokuwa kipofu.

Kiwiliwili kilipotoka ndani ya kalibu, karakana nzima iliacha kazi ikaja kukizunguka. Kilikuwa cheupe, chembamba, kimenyooka kama shingo ya korongo. Tukakifunga mabawa. Mama Msasa alipitisha kiganja ubavuni mwake toka puani hadi mkiani, akashindwa kupata la kukosoa, jambo lililomuudhi. Milimita akaita watu waje kuiona, familia zetu pia, na akampigia simu Bingwa.

Bingwa alikuja na miwani ya jua, akaizunguka ndege mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akavaa parachuti lake. Hili halikuwa la pamba. Akaingiza miguu, akajishusha, na alipofika kiunoni akasimama.

"Shuka tu," akasema Milimita, "patakutosha."

Bingwa akashuka. Nasema akashuka kwa heshima yake, maana ukweli ni kwamba alizama nusu kisha akakwama, mabega yamepanda masikioni. Tulipojaribu kufunga kile kifuniko chake cha plastiki angavu, kiliishia juu ya pua yake. Tukajaribu kumtoa, hatoki. Tukaleta poda. Mama Msasa akapanda kwenye ngazi, akamshika makwapani.

"Toa pumzi, baba! Toa yote! Haya, sasa usivute tena."

"Nitakufa—"

"Usiongee, unanenepa!"

Alitoka hatimaye akiwa na kiatu kimoja, miwani imepinda. Watoto wa Mjomba walicheka mpaka wakatolewa nje. Bingwa yeye alikuwa amevimba kwa hasira. Aliapa hajaongezeka hata kidogo, akadai apimwe palepale, na Milimita akampima. Ilikuwa kweli. Bingwa alikuwa yuleyule wa siku ya kwanza.

Basi hapo nilimwona Milimita akizeeka. Alikwenda kwenye michoro yake, akaifunua, akaifunika. Mashindano yalikuwa yamekaribia, kutengeneza kalibu nyingine kungechukua mwaka. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimekosea hesabu. Sijui wapi, lakini nimekosea. Mtu anayekosea hesabu kiasi hiki hafai kuchora kitu ambacho binadamu anarukia. Naacha." Akavua kalamu sikioni, akaiweka mezani.

Mjomba alikuwa amesimama karibu na cherehani yake, amekumbatia mto wa kiti. Nikamtazama, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilimtazama kweli tangu mwaka uanze. Ncha ya mkanda wake ilikuwa imezunguka hadi mgongoni. Angeweza kukaa kimya, maana hakuna aliyemshuku, na kukaa kimya ndiko alikokuwa akikujua kuliko kitu chochote. Akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Bwana mhandisi. Ni mimi."

"Wewe nini, Fundi?"

"Hukukosea hesabu. Mimi ndiye niliyepungua."

Akaenda kuuchukua ule mkoba wa parachuti, akauweka mezani juu ya michoro. Ulikuwa bapa. Kisha akamwaga mtama wote: pamba, chakula, suruali, uongo wa huku na uongo wa kule. Alisema akiangalia sakafu. "Ulisema pakinibana utatafuta mwingine. Nikaogopa. Hapo ndani ndipo mahali pekee mtu aliniuliza najisikiaje. Sikutaka kupapoteza. Nisamehe, nimeharibu ndege yako."

Nyuma yetu sauti ikauliza, "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

Tukageuka. Mkaza mjomba alikuwa mlangoni, amevaa nguo zake za kutokea.

"Mwanamke gani?" akauliza Mjomba, kwa mshangao wa dhati.

Mkewe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akaketi juu ya pipa langu la gundi. "Kila siku nakuuliza umefunga mlango," akasema. "Umelipa maji, umewaona watoto. Hilo jingine sijawahi kukuuliza." Akalia waziwazi, kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha. Nilikuwa nimekunywa naye chai kila siku iliyopita, nami pia sikuwa nimemuuliza.

Milimita hakumgombeza. Aliubonyeza ule mkoba bapa kwa vidole, akasema, "Umekaa na njaa ndani ya mfano wangu, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa naangalia skurubu." Kisha akatuma watu wakalete chakula, kingi, na Mjomba akala palepale mezani juu ya michoro, watu wote wakimtazama, jambo lililomtia haya kuliko kukiri.

Wokovu wa ndege, kusema kweli, aliuona Mama Msasa. Wakati huo aliingia binti mmoja mwembamba, rubani wa ile ndege ya kuvutia wenzake. Dada Kamba tulimwita. Alikuja kuuliza kama siku hiyo kuna wa kuvutwa. Alikuwa na leseni za ndege zote mbili, na wikiendi alishindana kwa ndege kuukuu za kuazima, lakini kazi yake ilikuwa kuwapandisha wengine juu, kuwaachia, na kurudi chini. Mama Msasa akamtazama kiunoni kama anayechagua mbao.

"Wewe, hebu vaa hilo parachuti ulale humo."

Dada Kamba akalala humo. Akateremka mpaka chini bila kugusa kitu, akashika usukani, na kifuniko kikafunga kwa mlio mdogo laini. Akatutazama kupitia plastiki ile, na kwa muda alisahau kutabasamu. Bingwa alikubali shingo upande, akasema ataruka na ndege yake ya zamani na atamshinda.

Najua mnataka kujua kama ilishinda, basi niwaambie tumalizane. Ilishika nafasi ya pili. Milimita anasema ya kwanza ilipotea kwa sababu ya wingu, na ukimwacha atakuchorea wingu lenyewe. Bingwa alikuwa wa saba, akalaumu njia.

Lakini mimi ninayoikumbuka ni asubuhi ya kuipeleka mashindanoni. Ndege ilikuwa imeshafunguliwa mabawa na kuingizwa kwenye trela lake refu, na Milimita alikuwa amewashonesha wafanyakazi wote makoti ya buluu yenye mchoro wa ndege kifuani. Vipimo vyetu alikuwa navyo tangu zamani. Cha Mjomba alikuwa amekichukua upya siku ileile ya kukiri, njaa ikiwa bado mwilini. Sasa Mjomba alikuwa amekula majuma kadhaa kwa usimamizi wa mkewe, na mkewe hakuwa mtu wa kusimamia nusu nusu. Alivaa lile koti, mikono ikaishia juu ya vifundo, vifungo vikakataa kabisa kukutana. Tukajipanga mbele ya trela tupigwe picha.

"Wewe mzee," mpiga picha akamwambia, "kaa pale pembeni nyuma, hilo koti halitaonekana."

"Sawa ka—" akaanza Mjomba, na mguu wake ulikuwa umeshapiga hatua moja ya kwenda pembeni.

Akasimama. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. Alimtazama mpiga picha, akatutazama sisi.

"Hapana," akasema. "Linanibana. Linanibana makwapani, na hapa mgongoni, na sitaki kusimama pembeni."

Hakuna aliyecheka, hata Mama Msasa. Milimita alivua koti lake mwenyewe, maana yeye ni mtu wa kifua kipana, akamvisha Mjomba na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Na sasa?"

Mjomba akainua mabega, akayashusha, akainama mbele kidogo, hana haraka hata chembe, na sote tukamsubiri. "Mikono mirefu kidogo," akasema, "lakini mgongoni pazuri."

Picha hiyo ipo ukutani hadi leo. Milimita yuko ndani ya shati tu, anatetemeka kwa baridi ya asubuhi, na Mjomba yuko katikati, vidole vyake havionekani kabisa kwa urefu wa mikono ya koti.